Mkato wa Futi Saba

Tulimzika Fundi Zakaria Jumamosi, mvua ikinyesha kana kwamba huko juu mtu amesahau kufunga bomba. Waombolezaji hawakujali. Nilihesabu watu elfu tatu. Mke wangu anasema walikuwa mia mbili, lakini yeye alikaa nyuma ya nguzo ya hema na hakuona vizuri. Kijana aliyesoma wasifu wa marehemu alifika pale ambapo wote tulijua atafika, akanyanyua sauti: "Babu yetu ndiye aliyewajengea wazungu nyumba ya jasho, ile sauna, hapa hapa Lanet. Aliipima yeye mwenyewe, kwa akili yake mwenyewe!" Watu wakapiga makofi kwenye matope. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, kofia magotini, na nilipiga makofi kuliko wote. Nimeyapiga makofi hayo miaka hamsini na nane na mikono haijachoka. Ila siku ile, nakiri, palikuwa na kidole kimoja kilichogoma kidogo.

Tulipomaliza kula, Mama Rasoa, mjane wake, aliniita jikoni kwake. Macho yake hayaoni tena vizuri, lakini mkono wake ungali unapata mkono wa mtu bila kupapasa. Akanikabidhi kitu kirefu kilichofungwa ndani ya gunia na kuzungushiwa kamba ya katani. "Alisema hii ni ya Darasa," akaniambia. Duniani amebaki yeye peke yake anayeniita Darasa. Sikuhitaji kufungua ili nijue ni nini. Nilikibeba hadi nyumbani nikakisimamisha nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, na wiki nzima sikukigusa. Nikisema sikuwa na nafasi nitakuwa nadanganya, maana mzee wa miaka themanini ana nafasi kuliko uwanja wa ndege. Ukweli ni kwamba nilijua kamba ile ikifunguka, Zakaria atakuwa amekufa kabisa.

Aliyenifungulia ni mjukuu wangu Nekesa, bila kujua. Alikuja Jumapili iliyofuata na makaratasi ya duka moja la Nairobi. Yeye na mumewe wanajenga Lanet, kwenye mojawapo ya yale mashamba ya zamani ya wazungu yaliyokatwakatwa kama keki ya arusi, na wameamua nyuma ya nyumba pawe na sauna. Siku hizi watu wanalipa wapate jasho. Sisi tulikuwa tunalipata bure. "Kuka," akaniambia, maana kwetu babu ni kuka, "hawa watu wanauliza tunataka ya ukubwa gani. Kuna ya watu wawili, ya wanne na ya wanane. Mimi nasema tuchukue ya wanane. Si wageni watakuja?"

"Jumatano nani ataingia?" nikamuuliza.

"Jumatano gani?"

"Jumatano yoyote. Hakuna Krismasi, hakuna mgeni, umetoka kazini umechoka. Nani anaingia humo ndani?"

Akafikiri. "Mimi na baba watoto. Na yeye si kila wakati, kwa sababu ya mpira."

"Basi keti," nikamwambia, "nikueleze mwaka wa hamsini na sita." Aliangalia simu yake, akapumua, akaketi. Chai ilikuwa imeshamiminwa na hakuwa na njia ya kutoroka.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, baiskeli moja isiyo na breki na shati moja zuri. Nilifanya kazi ya useremala chini ya Fundi Zakaria kwenye shamba la mzungu mmoja hapo Lanet. Chumba changu kilikuwa stoo iliyoegemea jiko la nyumba ya Zakaria, kimejengwa kwa mabaki ya mbao, na ukuta uliotutenganisha na jiko ulikuwa na nyufa ambazo paka angepita bila kuinamisha mkia. Nililala nikinusa mbao za mtarakwa, gundi ya kuchemsha na mboga za Rasoa. Kuta nilizibandika magazeti, nikajifunza kusoma nikiwa nimelala chali. Mpaka leo nakumbuka bei ya mahindi iliyokuwa juu ya mto wangu. Chakula nilikula kwao, na nitakachosema sasa msidhani natia chumvi: ugali wa Rasoa ulikuwa unakaa mezani ukitoa mvuke kama garimoshi linalopanda kwenda Timboroa, na kando yake mboga ya mrenda, na siku za mshahara samaki mkavu ambaye harufu yake ilikuwa inafika Gilgil kabla yetu.

Jioni nne kila wiki nilipiga baiskeli hadi Nakuru, kwenye shule ya jioni, chumba nyuma ya kanisa karibu na landhi, makazi ya wafanyakazi wa reli. Tulikuwa wapishi, matarishi, askari mmoja, na mzee mmoja mwenye mvi aliyekuja kujifunza kusoma barua za mwanawe ili asiendelee kusomewa na jirani. Tulibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu, chini ya taa moja ya karabai iliyokuwa ikipumua kuliko mwalimu. Mwalimu alikuwa karani wa stesheni. Alifundisha hesabu kwa hasira, kama mtu anayedai mzigo uliopotea. Wakati huo ulikuwa wa Emergency, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, barabarani kulikuwa na vizuizi, na askari wa kizuizi cha njia ya Lanet alikuwa na mtindo wake. Kipande changu, kitambulisho cha enzi ile, hakukitazama. Alinimulika usoni akasema, "Wewe unasema unatoka shule. Saba mara nane?" Nami: "Hamsini na sita, afande!" "Pita." Siku moja aliniuliza kumi na tatu mara kumi na saba, nikajibu, na nikaona kwenye macho yake kwamba yeye mwenyewe hajui. Alinipisha kwa heshima kama waziri. Cheti nilichopata mwisho wa mwaka ule kingali sebuleni kwangu, juu ya televisheni, na mgeni yeyote asiyekiona nampa kiti kinachokitazama.

Zakaria hakupenda shule yangu. Ndiye aliyenibandika jina la Darasa, na halikuwa la sifa. Yeye hakujua kusoma wala kuandika, na hakuhitaji, kwa sababu alikuwa na fimbo. Fimbo ile ilikuwa ya mti mgumu wa mutamaiyo, urefu wa futi nane kamili, nyeusi kwa kushikwa, na ubavuni ilikuwa na mikato ya kisu. Mkato wa meza. Mkato wa kitanda. Mkato wa dirisha, mkato wa mlango, mkato wa jeneza la mtu mzima. Kila kipimo alichokuwa na hakika nacho kilikuwa pale, na hakuna mkato uliokatwa mpaka kitu chenyewe kimesimama na kimetumika. Na kando ya kila mkato palikuwa na alama ndogo ya mtu aliyemfundisha kipimo hicho: msalaba wa mmishenari aliyemwonyesha mlango, jani la babake mzazi aliyemwonyesha kitanda, msumeno wa singasinga mmoja wa reli aliyemwonyesha dirisha. "Kipimo si chako," alikuwa akisema. "Umepewa na mtu. Ukimsahau, ukuta wako utapinda." Nilimwona akipima banda la ng'ombe mia kwa fimbo ile, bila karatasi, na likatoka sawa kama limechorwa na malaika. Alikuwa ameniahidi kwamba mwaka ukiisha ataamua: ama anipe sanduku langu la vifaa niitwe fundi, ama niendelee kupiga randa mpaka nizeeke.

Mzungu mwenyewe tulimwita Bwana Lauri. Hakuwa Mwingereza. Alitoka nchi fulani ya juu kabisa, ambako alisema maziwa yanaganda na watu wanatembea juu yake, jambo ambalo sisi tulilichukua kama uongo wa kawaida wa wazungu. Mwezi wa sita alituita akasema kwa Kiswahili chake: "Zakaria, mama yangu nakuja na treni mwezi ya nane. Magoti yake iko gonjwa. Kwetu, mtu nakaa ndani ya nyumba ya moto, namwaga maji juu ya mawe, natoka jasho, magoti napona. Jenga mimi hiyo. Ya watu tatu. Kama mama napenda, wewe najenga nyumba kubwa mpya. Kama iko baridi, natafuta fundi ingine mjini." Kisha akaenda Mombasa kuchukua trekta lake bandarini, akatuacha na mbao, mabati na pipa la mafuta la kukatwa liwe jiko.

Watu watatu. Hayo ndiyo maneno tuliyoachiwa. Wewe msomaji ungejenga chumba cha ukubwa gani? Zakaria alifikiri usiku mmoja na asubuhi akatangaza. Kwanza, mzungu halali kitanda chini ya futi tatu upana, kwa hiyo mara tatu. Pili, lazima pawe na nafasi ya kupita bila kugusana, maana wazungu hawagusani. Tatu, hatuwezi kumjengea mama wa mwenye shamba, anayetoka ng'ambo, chumba ambacho ukiinua mkono unagusa dari. Dari ya chini ni ya jiko na ya kuku. Dari ya mwenye heshima ni fimbo nzima na futi mbili juu yake. Na madirisha mawili, ili aone mlima Menengai. Hakuna aliyebisha. Mimi mwenyewe nilipiga misumari nikiimba. Tulimaliza chumba cha futi kumi na sita kwa kumi na nne, urefu futi kumi, mtarakwa mtupu uliopigwa randa mpaka ukawa unatelezesha inzi. Kwenye kona kule mwisho tukaweka jiko la pipa na mawe meusi tuliyoyaokota chini ya Menengai, na benchi moja ya chini kabisa, ili mama mgonjwa wa magoti asipande. Ungeweza kufanyia arusi ndani yake, na wapiga bendi wakapata kona.

Bwana Lauri aliporudi alizunguka ndani. Tukawasha moto asubuhi. Tukachoma kuni mpaka nikaanza kuona huruma kwa msitu. Saa tisa mchana akaingia amevaa taulo, akakaa kwenye benchi, akamwaga maji juu ya mawe. Mvuke ukapanda juu, ukaenda zake darini, ukakaa huko kama mgeni asiyetaka kusalimia watu. Dakika kumi. Akaomba sweta. Nasema kweli tupu: kule juu nyigu alianguka kutoka kwenye boriti amekufa kwa joto, na chini yake mzungu alikuwa amevaa sweta akitetemeka. "Zakaria," akasema polepole, "wewe najenga kanisa." Kisha akatuonyesha kwa mwili wake. Alikaa akaweka kiganja juu ya kichwa: dari ya kwao iko hapa. Akanyoosha mikono miwili, huku na huku: ukuta uko hapa, na hapa. "Wiki tatu mama nafika," akasema, akaondoka na sweta lake.

Hapo ndipo Darasa akafanya kosa la mwaka. Wiki ile ile mwalimu alikuwa ametufundisha kupata ujazo wa tangi la maji, upana mara urefu mara kimo, na hesabu ilikuwa inaniwasha kichwani kama upele. Wafanyakazi wa shamba walikuwa wamejazana mlangoni wakitazama. Nikachukua chaki, nikaandika kwenye ukuta, juu ya mtarakwa ule uliopigwa randa: kumi na sita mara kumi na nne mara kumi. Elfu mbili mia mbili na arobaini. Chini yake, kwa kukadiria mikono na kiganja cha Bwana Lauri: saba mara sita mara saba. Mia mbili tisini na nne. Nikageuka kwa watu kama wakili. "Fundi, umejenga mara saba na ushei ya kile kinachotakiwa! Jiko moja litapashaje moto vyumba saba?"

Mtu mmoja akacheka. Zakaria hakucheka. "Darasa," akasema, "hizo namba zako zimewahi kupiga msumari?"

"Hapana, Fundi, lakini—"

"Mtu ana ekari elfu mbili, nimjengee mamake choo?" Akachukua randa yake. Akaipitisha ukutani mara nne, taratibu, na hesabu yangu yote ikaanguka sakafuni ikiwa maranda. Kisha akabeba fimbo yake akaenda zake.

Kwa siku mbili hakunena nami. Rasoa aliniletea sahani yangu stoo, ugali mdogo kama ngumi ya mtoto, na hakuniangalia usoni. Nilikaa juu ya kitanda nikisoma bei ya mahindi. Nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa sahihi, na halikunifaa kitu. Nikifikiria sasa, nikiwa mzee, naona kwamba shuleni walitufundisha kujumlisha na kugawanya, lakini hawakutufundisha kwamba ukimwambia mtu mzima amekosea mbele ya watu, hata hesabu sahihi inageuka kuwa tusi. Kubomoa asingebomoa. Angeacha kazi ya nyumba kubwa iende, afunge mizigo, arudi kwao magharibi akiwa amekonda kwa aibu, kuliko kushusha dari ile mbele ya waliocheka. Na mimi ningerudi kupiga randa kwa mtu mwingine, au kwa hewa.

Jioni ya pili niliwasikia wanawake jikoni, upande wa pili wa ukuta wa nyufa. Rasoa alikuwa akipika na jirani yake, na moshi na maneno vilikuja kwangu pamoja.

"Bado wamenuniana?" jirani akauliza.

"Ah, wanaume! Wametia maharagwe ya watu watatu kwenye sufuria ya arusi, sasa wanashangaa hayachemki."

"Si wabomoe tu?"

"Mume wangu abomoe? Wewe hujamjua." Nikasikia mwiko ukigonga sufuria. "Ningekuwa mimi, ile kubwa ningeiacha hapo hapo watu waione. Halafu ndani yake naweka ndogo, napikia hiyo. Na hebu niambie, huyo mama mzee wa watu atavulia nguo wapi? Uani, mbele ya vibarua? Hakuna hata mmoja kati yao aliyefikiria hilo!"

Jirani akacheka mpaka akakohoa moshi. Mimi niliketi kitandani wima. Kulipopambazuka nilikuwa nimemaliza kipande kizima cha chaki kwenye sakafu ya stoo.

Nilimkuta Zakaria peke yake ndani ya kanisa letu, amekaa kwenye ile benchi ya chini, fimbo magotini. Nikavua kofia. "Shikamoo, Fundi. Nina swali."

"Si una namba?"

"Hapana, leo ni swali tu. Huyu mama akifika, atavua nguo wapi?"

Akatazama mlango, akatazama madirisha mawili ambayo vibarua wote wa shamba wangeweza kuchungulia, kisha nikamwona akishtuka, maana alikuwa mtu wa kanisa. "Atahitaji chumba," akasema.

"Kikubwa?"

"Kikubwa, chenye heshima. Na meza ya chai." Akasimama. Akatembea hatua tatu, akageuka. "Kama hiki." Akatembea tena hadi kona ya jiko, akasimamisha fimbo, akaitazama kutoka juu hadi chini. "Basi kile cha moto kingekaa hapa, ndani ya hiki." Nikangoja. Nawaambia, kungoja kule kulinichosha kuliko kubeba boriti. Mwishowe akanitazama kwa pembe ya jicho. "Nilikuwa nangoja uone mwenyewe," akasema.

"Nimeona, Fundi."

"Zile namba zako zilikuwa ngapi?"

"Saba, sita, saba."

"Usiandike ukutani."

Tulifanya kazi siku tisa kama watu wanaokimbia mafuriko. Tulisimamisha kuta mbili tu, kwa sababu kona ilitupa mbili za bure. Urefu wa benchi futi saba, ili mmoja alale au watatu wakae. Futi mbili kwa kila makalio, na inayobaki ni ya kupumua. Kimo ndicho kilichotusumbua. Nilimkalisha Zakaria juu ya mbao, nikapandisha mbao, nikashusha, mpaka tukapata: benchi ya juu katikati ya kimo, futi tatu na nusu kutoka sakafuni, ili miguu iwe juu kuliko mawe na joto likupate mzima badala ya kukupata masikio tu, na kichwa kibaki na upana wa viganja viwili kabla ya dari. Chini yake benchi ya kukanyagia, tukaipa ngazi pana na kishikio kwa ajili ya magoti ya mama. Mlango mdogo unaofunguka nje, mtu akizidiwa ausukume tu kwa bega. Kati ya mbao za ndani na za nje tulishindilia maranda. Na kati ya maranda hayo, nina hakika, kulikuwa na hesabu yangu. Jioni ya siku ya tisa tulitia kuni robo ya zile za mwanzo. Baada ya saa moja na nusu Zakaria aliingia na shati, akatoka bila shati, akaingia tena.

Mama mwenyewe alishuka kwenye treni Nakuru, mdogo, mkavu, amefunga kitambaa kichwani kama mama zetu, akitembea kwa fimbo mbili. Chai alikataa. Alitaka kuona nyumba ya moto kwanza. Alipopita kwenye kile chumba kikubwa akaweka koti lake juu ya meza, akatazama dari ya futi kumi, akatikisa kichwa kwa heshima, na Zakaria akakua inchi mbili. Kisha akafungua mlango mdogo, akanusa, akasema kitu kwa mwanawe. Bwana Lauri akatafsiri: "Nasema nataka majani ya kujipiga, na nataka mwanamke ya kukaa na yeye. Peke yake si vizuri." Tukatazamana. Rasoa, aliyekuwa amesimama na ndoo, akaitua, akaenda akakata matawi ya leleshwa nyuma ya boma, akarudi, akaingia. Mlango ukafungwa.

Tulisimama nje, mimi, Zakaria na Bwana Lauri, kama wanaume wanaongoja mtoto azaliwe. Tukasikia maji yakipasuka juu ya mawe. Tukasikia matawi yakipiga mgongo, chwa, chwa. Halafu tukasikia kicheko, kisha vicheko viwili, wanawake wawili wasiojuana hata neno moja la lugha, wakicheka mpaka mabati yakaitika. Harufu ya leleshwa ilitoka kwenye nyufa ikatembea shamba zima. Watu wa Longonot waliniambia baadaye kwamba waliinusa. Mama alitoka amejifunga shuka, mwekundu kama nyanya ya soko la Nakuru, na fimbo moja tu mkononi. Ile ya pili alimpa Rasoa amshikie.

Akatutazama, akauliza swali. Bwana Lauri akatafsiri, na nikaona macho yake yako juu yangu, kwa sababu ile habari ya chaki ilikuwa imemfikia. "Mama nauliza, nani napima hii?"

Hapo, ndugu zangu, dunia ilisimama. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na jibu mdomoni. Zakaria hakunitazama. Alitazama mbele, fimbo imesimama kando yake. Vibarua walikuwa wote pale, pamoja na yule aliyecheka.

"Ni Fundi Zakaria," nikasema.

Alipewa kazi ya nyumba kubwa, na nyumba nyingine kumi na moja baada ya hiyo, hadi Subukia. Jumatatu iliyofuata nilikuta sanduku la vifaa mlangoni pangu, randa, patasi, misumeno miwili, pima maji, vyote vimepakwa mafuta. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na minne na hatukuligusa jambo hilo hata siku moja. Nilijivuna kimyakimya, na nimekuwa nikijivuna tangu siku hiyo, kama mtu aliyemeza shilingi ya dhahabu.

Nekesa alikuwa ameiweka simu chini. "Na ile fimbo iko wapi?" akauliza. Nikamwonyesha nyuma ya mlango. Hakuniuliza ruhusa, alikata kamba kwa kisu cha mkate. Ikatoka nyeusi vile vile, na harufu ile ile. Akapitisha kidole ubavuni akisoma mikato kama mtu anayepanda ngazi, msumeno, msalaba, na juu ya mkato wa mlango akasimama. "Kuka, hii ni ya nini?"

Kwenye futi saba kamili palikuwa na mkato ambao sikuwahi kuuona, maana fimbo ile hakumpa mtu mwingine aishike. Ulikuwa wa zamani, umelainika kwa miaka ya kushikwa. Na kando yake, kwa kisu cha mtu ambaye hakuwahi kushika kalamu, herufi moja, imegeuka, tumbo lake likitazama nyuma: D.

Sikulia. Macho yalitoa jasho, kama ilivyo kawaida ya habari za sauna. Halafu nikiwa nimekaa pale na fimbo magotini, nikimwambia Nekesa kwamba D ni mimi, kwamba Kuka wake yuko kwenye fimbo pamoja na mmishenari na singasinga, nikausikia tena mwiko wa Rasoa wa mwaka ule, ukigonga sufuria upande wa pili wa ukuta. Kipimo si chako, umepewa na mtu. Miaka hamsini na nane nimekaa nikingoja Zakaria aseme nani alimwambia, na mimi mwenyewe sikuwahi kusema nani aliniambia.

Tukapanda gari la Nekesa hadi kwa Rasoa jioni hiyo hiyo. Njiani alinijulisha kwamba watachukua ile ya watu wawili, na pesa inayobaki watajengea chumba kizuri cha kuvulia nguo. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimekichukua kile kisu cha mkate, nikakaa kidogo na fimbo. Rasoa alikuwa jikoni, nikampa fimbo, nikaongoza kidole chake hadi futi saba. Akaupata mkato, akaipata D, akatabasamu. Hiyo alikuwa akiijua. Kidole kikasogea, kikakuta vitobo vitatu vipya, vimekaa pembetatu kama mafiga.

"Na hivi?"

"Hilo ni jiko lako, mama. Sufuria ndogo ndani ya kubwa. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta."

Kidole chake kikazunguka kwenye vitobo vile. Kisha akacheka kile kicheko cha siku ya leleshwa, chote, hakijapungua hata chembe.

"Miaka yote hiyo nilijua ni wewe uliyempelekea maneno yangu," akasema. "Nilikuwa nangoja uone mwenyewe."